Magari yakishika kasi pakiti zinapotea: nibadilishe mipangilio ya AODV au niachane nayo?

Swali
Ndugu wanajamvi, naomba msaada wa kitaalamu. Ninaigiza kwenye kompyuta mtandao wa magari yanayowasiliana moja kwa moja bila kupitia mnara, nikitumia SUMO kwa mwendo wa magari na ns-3 kwa mawasiliano, juu ya ramani ya barabara ya Morogoro kutoka Kimara hadi Kibaha. Kwenye foleni ujumbe unafika vizuri, lakini magari yakifikia kilomita 80 kwa saa pakiti (vipande vya ujumbe) nyingi hupotea. Itifaki ninayotumia, yaani kanuni za kuchagua pakiti ipitie magari gani, ni AODV.

Jibu la 1
Achana na AODV. Magari mawili yanayopishana, kila moja likiwa kwenye 80, hukaribiana na kuachana kwa takriban mita 44 kwa sekunde. Ikiwa redio inafika mita 250, basi tangu yasikiane hadi yapoteane ni kama sekunde 11, na hicho ni kiungo kimoja tu cha njia ndefu. AODV hutafuta njia nzima kabla ya kutuma, na kwa mipangilio yake ya kawaida husubiri salamu mbili (ujumbe mfupi wa "nipo" unaotumwa kila sekunde moja) zikosekane ndipo itambue kuwa jirani hayupo. Ukizituma salamu hizo mara nyingi zaidi, zitaijaza hewa zenyewe. Tumia itifaki ya GPSR, waliyoichapisha Karp na Kung mwaka 2000, ambayo haitunzi njia yoyote: kila gari hutangaza mahali lilipo, na lenye pakiti hulikabidhi gari jirani lililo karibu zaidi na mlengwa.

Jibu la 2
Naafiki, ila jirani huyo aliye karibu zaidi na mlengwa mara nyingi ndiye aliye ukingoni mwa redio yako, hivyo ndiye wa kwanza kutoweka. Kabla ya kumchagua, kadiria alipo sasa kwa kasi na mwelekeo aliotangaza. Ukihamia Kariakoo, maghorofa yatazuia mawimbi, na ndiyo maana GPCR, itifaki ya aina hiyohiyo kwa ajili ya mijini, huifikisha pakiti kwanza kwa gari lililo kwenye makutano ya barabara.

Muuliza swali
Nashukuru sana. Na usiku, ambapo mbele hakuna gari lolote?

Jibu la 2
Gari liibebe pakiti hadi likutane na jingine. Hilo linakubalika kwa taarifa za foleni au maegesho. Onyo la breki ya ghafla halisubiri, wala halihitaji kutafutiwa njia; hutangazwa mara moja kwa magari yote yanayolisikia.