Mada: DBS ya kazi ya chekechea, majina, anwani na vyeti vya nyumbani

Kutoka: mwanajumuiya wa Reading

Wakubwa zangu shikamooni, na wenzangu habari za masiku. Nimepata kazi ya kulea watoto katika chekechea moja hapa mjini, lakini hii ni wiki ya saba na cheti changu cha DBS, ofisi ya Uingereza inayokagua kama mtu ana rekodi ya makosa ya jinai, hakijatoka. Meneja ananiruhusu kuingia, ila siwezi kubaki na watoto peke yangu wala kumbadilisha mtoto nepi bila mwenzangu kuwapo, na siku ambayo hakuna wa kunisimamia hurudishwa nyumbani bila malipo. Nina miaka miwili nchini Uingereza. Kabla ya hapo nilifanya kazi Muscat miaka minne, na kwetu ni Tanga. Naomba anayefahamu mambo haya anieleze kama kuna la kufanya zaidi ya kusubiri.

Kutoka: mwanajumuiya wa Leicester

Marahaba, mdogo wangu. Nimekuwa katika kazi hii ya chekechea miaka kumi na mmoja, na minne ya mwisho ndiye ninayetunza daftari la vyeti vya wafanyakazi, kwa hiyo ninayokuandikia nimeyashika kwa mikono yangu.

Anza kwa kujua ombi lako limekwama wapi. Ukaguzi wa ngazi ya juu, ambao ndio unaotakiwa kwa kazi ya watoto, hupita hatua tano: fomu hukaguliwa, majina husakwa katika kompyuta ya taifa ya polisi, kisha katika orodha ya watu waliopigwa marufuku kufanya kazi na watoto, halafu ombi hupelekwa kwa polisi wa maeneo uliyoishi ili waangalie kumbukumbu zao, na mwisho cheti huchapishwa. Hatua ya nne ndiyo inayokula siku, kwa sababu kila kikosi cha polisi kina foleni yake. Chukua namba ya fomu na tarehe yako ya kuzaliwa, ufuatilie mwenyewe kwenye tovuti ya DBS; zikipita siku 60 katika hatua hiyo, unaweza kuomba ombi lako lisukumwe.

Ikiwa fomu imerudishwa, shuku majina kabla ya kitu kingine. Sisi tuna jina letu, la baba na la babu, na kila karani hukata anapopenda. Mimi fomu yangu ya kwanza ilirudi kwa kosa langu mwenyewe: pasi ilikuwa na majina matatu, kadi ya benki mawili, na leseni ya udereva niliichukua kwa jina la ukoo wa mume, nikaandika la pasi peke yake, nikidhani kwamba hayo mengine hayana kazi. Fomu inataka kila jina ulilowahi kulitumia, tangu lini hadi lini, likiwamo lile la shuleni kama lilikuwa tofauti.

Nilikasirika wakati ule, lakini msisitizo huo una historia. Mwaka 2002 katika mji mdogo wa Soham, hapa England, mabinti wawili wa miaka kumi waliuawa na mtunza majengo wa shule ya sekondari ya pale, mtu ambaye polisi wa eneo alilotoka walikuwa wamekwisha kupokea tuhuma kadhaa dhidi yake. Uchunguzi ulioongozwa na Sir Michael Bichard, uliotoa ripoti mwaka 2004, uliona kwamba alikuwa na majina mawili ya ukoo, na kwamba ilikuwa karibu hakika kuwa ni moja tu lililosakwa alipoomba kazi. Kutokana na ripoti hiyo ilitungwa sheria ya mwaka 2006, na DBS yenyewe ilianza Desemba 2012 kwa kuunganisha ofisi mbili zilizokuwapo.

Anwani nazo ni za miaka mitano kamili, bila pengo hata la mwezi, na za nje ya nchi zimo. Hapa wengi wetu huandika sanduku la posta, kwa kuwa ndiyo anwani tuliyokua nayo, ilhali wao wanauliza ulikuwa unalala wapi. Andika mtaa, namba ya nyumba kama ipo, na mji. Ile miezi uliyolala sebuleni kwa binamu ukitafuta chumba nayo ni anwani, iandike.

Kuhusu Muscat, DBS haina uwezo wa kusoma kumbukumbu za polisi wa nchi nyingine, kwa hiyo cheti kitakachotoka kitakuwa kimya juu ya miaka yako minne ya kule, na mwajiri makini atakutaka uzibe pengo hilo kwa hati ya tabia njema. Wanaoomba viza ya kazi ya kulea watoto hutakiwa kuwa na hati hiyo kutoka kila nchi waliyokaa miezi 12 au zaidi katika miaka 10 iliyopita wakiwa watu wazima. Ya Oman hutolewa na polisi wa kule, ya Tanzania na Jeshi la Polisi, na ya Kenya na Idara ya Upelelezi wa Jinai kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali ya kule. Kenya na Tanzania zote mbili hutaka alama za vidole. Wenzetu walio Ghuba wanaofikiria kuhamia Ulaya, tafadhali ichukueni kabla ya kupanda ndege, kwa maana kuifuata ukiwa umekwisha kuondoka ni kazi ya barua na ubalozi.

Jambo jingine ni zile barua za sifa tunazokuja nazo mkobani, zilizopigwa muhuri na kuanza na "Kwa yeyote anayehusika". Tangu Septemba 2025, kanuni za chekechea za England haziruhusu kuzipokea. Meneja hutakiwa kuiomba barua mwenyewe kwa mwajiri wako, iandikwe na mtu mwenye mamlaka, naye asiwe ndugu yako. Naona ni haki, kwani cheti cha DBS husema tu yale yaliyojulikana hadi siku kilipochapishwa, na aliyekuona ukifanya kazi anajua zaidi.

Cheti kikitoka kitaletwa kwako wewe, si kwa mwajiri. Usikitupe pamoja na bahasha. Ndani ya siku 30 tangu tarehe iliyochapishwa, jiandikishe katika huduma ya DBS ya kuhuisha cheti, pauni 16 kwa mwaka, ili mwajiri wa kesho akiangalie mtandaoni kwa ruhusa yako. Nimemwona binti aliyekiweka kabatini hadi siku zikapita, na alipohamia chekechea nyingine ya mtaa wa pili ikabidi aanze upya, pauni 49.50 na wiki tano za kusubiri.

Kutoka: mwanajumuiya wa Milton Keynes

Dada, tunashukuru. Nina maswali mawili. Mke wangu anataka kujiandikisha kutunza watoto hapa nyumbani, nasi mnajua nyumba zetu hazikosi mgeni. Na la pili, kuna kijana wetu aliyepewa onyo rasmi la polisi miaka minane iliyopita. Je, litamfungia mlango?

Kutoka: mwanajumuiya wa Leicester

Kaka, kwa la kwanza, Ofsted, wakaguzi wa serikali wanaosajili walezi wa watoto, hawatamwangalia mkeo peke yake. Kila aliye na miaka 16 au zaidi anayeishi humo hukaguliwa, wewe na kijana wako mkiwamo. Mjomba aliyekuja kwa wiki mbili kisha akakaa miezi sita si mgeni tena machoni mwao, na ni mkeo atakayeulizwa kwa nini hakutoa taarifa.

Kwa la pili, onyo alilopewa mtu mzima huacha kuonekana baada ya miaka sita, isipokuwa kwa makosa yaliyoorodheshwa, mengi yakiwa ya ukatili na ya kingono, ambayo hubaki daima. Kama alikuwa chini ya miaka 18, tangu Novemba 2020 maonyo ya utotoni hayaandikwi moja kwa moja kwenye cheti. Kwanza ajue kosa lenyewe liliandikwa vipi. Na likiwa ni la kuonekana, amweleze mwajiri kabla cheti hakijafika. Kosa dogo la zamani meneja wengi hulipima, lakini aliyeficha sijaona akibakizwa.

Mdogo wangu wa Reading, nitumie mimi binafsi hatua unayoiona kwenye tovuti, na orodha ya majina yote uliyoyaandika kwenye fomu. Usiiweke hapa mbele ya watu wote.