MREJESHO: Altezza nimeifunga koilova
Wakuu nilisema ntarudi. Niliuliza Toyota Altezza yangu niishushe kwa kufunga springi fupi au koilova (shokapu na springi zilizoungana, urefu wa gari unaurekebisha), wengi mkasema springi kisa bei. Ila shokapu zangu zishachoka, na ukiziwekea springi fupi zinakaa zimebonyea muda wote zinakufa mapema, halafu gari ikishashuka ndo imeshashuka, huipandishi. Nikachukua koilova, fundi kashusha sentimita 3 tu maana matuta ya Dar mnayajua, tukapiga alaimenti (kunyoosha matairi) siku hiyohiyo. Kona inashika balaa! Ugumu upo, ila nikilegeza kliki kadhaa kwenye kirekebisha ugumu cha shokapu, barabara mbovu inavumilika kabisa. Ulienambia nitafute koilova zinazorekebishwa urefu kwa chini bila kuigusa springi, asante sana mkuu.