Wakuu naomba ushauri, skana ya kupimia gari nyumbani nichukue ipi?

KiboshoKwetu
Habari wakuu. Niko Moshi, nina RAV4, taa ya cheki injini inawaka inazima inawaka, nimechoka na gereji maana kila nikipeleka wanachomeka kompyuta, wananitoza hela ya kupima, wanabadilisha kitu, nikifika Majengo taa imerudi. Nimeamua ninunue skana yangu nikae nayo nyumbani. Nimeona aina tatu: kuna kaadapta ka ELM327 ka blutuzi unatumia na simu, elfu 35, kuna ya mkononi yenye waya wake laki na themanini, halafu kuna ya tableti inayosoma mpaka ABS ya breki na eabegi, hiyo ni laki tisa. Silali wakuu, kila ninayemuuliza anasema lake. Nichukue ipi?

DadaWaNjiro
Kaka chukua ka ELM, kanatosha sana. Mi nakatumia kwenye IST yangu na programu ya Torque, nasoma kodi, yaani namba za hitilafu, na kufuta mwenyewe. Ila kama simu yako ni iPhone kuwa makini, zile za blutuzi ya kawaida hazikubali, tafuta ya WiFi.

DerevaMstaafu
Na usikaache kamechomekwa. Ile soketi pini namba 16 ina umeme wa betri muda wote, hata ukitoa funguo. Kijana wangu alikaacha tulipoenda msibani Himo, tukakaa huko mpaka matanga yanaanuliwa, tunataka kuondoka gari kimya kabisa, ikabidi waombolezaji watusukume na suti zao, mama mkwe yuko ndani na ndizi zake hataki kushuka. Msiba ule ulikuwa mkubwa, marehemu alikuwa mtu wa watu jamani.

MzeeWaSakina
Vijana, skana haitengenezi gari. Kodi inakuonyesha injini inalalamikia wapi, haikuambii kifaa gani kimekufa. Hapa Arusha nimeona mtu anang'oa katalisti nzima, kile kisafisha moshi cha kwenye ekzosi, kwa sababu ya kodi, kumbe ekzosi inavuja mbele ya sensa, hewa inaingia, kompyuta inadanganyika. Laki tisa lipia watoto ada, gari mpe fundi mwenye akili.

FundiUngaLtd
Mangi, gari ni ya mwaka gani, na hao waliopima walikupa kodi gani? Bila hayo tunapiga ramli tu.

KiboshoKwetu
Mwaka sidhani kama una shida mkuu, skana zote zimeandikwa zinasoma Toyota. Kodi ni P0420, ile ya katalisti. Mi naegemea ile ya tableti maana nataka kitu cha kudumu.

FundiUngaLtd
Mwaka ndiyo swali lenyewe. Utaje.

KiboshoKwetu
1997. Old model, milango mitatu, injini 3S. Lakini msiidharau, bodi safi na inapanda Kibosho kwenye tope wakati wengine wanatafuta trekta. Halafu yule muuzaji wa tableti nimeshamwachia laki tatu aniwekee. Na siyo kwa ajili ya gari hii peke yake, majirani wana magari, nikiwapimia elfu kumi kumi hela yangu inarudi. Sioni ubaya hapo.

ChaliiWaKijenge
Subirini kwanza. RAV4 ya 97 ya Japani itoe P0420? Hizo kodi za P ni za OBD2, ule mfumo wa pamoja wa gari kujipima na kuongea na skana. Marekani waliilazimisha kuanzia magari ya 1996, Ulaya petroli 2001 na dizeli 2004, sasa gari iliyotengenezwa 97 iuzwe kwao Japani nani aliilazimisha? Nyingi za miaka hiyo hata ukute zina soketi ya pini 16, kompyuta yake haiongei hiyo lugha. Stori imetungwa hii. Huyu ndiye muuzaji wa tableti, mtaona kesho anaweka namba ya simu.

DadaWaNjiro
Duh, hata mimi nimeshtuka. Laki tatu bila kuijaribu kwenye gari lako?

KiboshoKwetu
Sina cha kuuza hapa na namba siweki! Gari ipo nje, kadi ninayo, imetoka Japani moja kwa moja. P0420 sikuiona kwenye skrini, fundi aliniandikia kwenye karatasi akaniambia niandae hela ya katalisti.

FundiUngaLtd
Chalii, kuhusu gari uko sahihi, kuhusu mwenye gari umemwonea. Mangi, ingia chini uangalie ekzosi. P0420 kompyuta inaipata kwa kulinganisha sensa ya oksijeni iliyo mbele ya katalisti na iliyo nyuma yake. Ukikuta sensa moja tu, hakuna mashine iliyotoa kodi hiyo, karatasi imeandikwa kwa kukisia. Sasa fungua boneti, tafuta kiboksi cheusi kina mfuniko umeandikwa DIAGNOSTIC. Ndani kuna matundu, unganisha TE1 na E1 kwa kipande cha waya, uangalie usiguse tundu lingine. Zima AC na redio, washa swichi bila kupiga stata, usikanyage mafuta. Taa ya cheki injini itaanza kupepesa, hesabu. Ikipepesa haraka haraka bila kusita, hakuna kodi. Ikipiga, ikatulia, ikapiga tena, nipe namba.

KiboshoKwetu
Sensa iko moja. Taa imepiga mbili, imetulia, imepiga moja, inarudia hivyo hivyo. Ila tableti bado naitaka, majirani wana IST na Vitz za juzi juzi.

FundiUngaLtd
21. Hiyo ni sensa ya oksijeni au waya wake, katalisti usiiguse. Anza na waya, mara nyingi unakuta umeungua kwa kulalia ekzosi, ukiwa mzima ndiyo upime sensa yenyewe. Ukimaliza zima swichi, chomoa fuzi iliyoandikwa EFI, ile ya ampia 15, nusu dakika, rudisha, kodi ifutike. Na ule waya wa TE1 utoe kabla hujapiga stata. Kuhusu tableti, kabla ya kuongeza hata mia mwambie muuzaji mwende wote kwa jirani, aichomeke kwenye hiyo IST na isome mpaka ABS mkiwa mnaona. Ikigoma, dai laki tatu yako hapo hapo.

ChaliiWaKijenge
Mkuu, hicho kiboksi kwenye Mark II GX90 kinakaa upande gani? Ya mzee wangu nayo taa inawaka tangu Krismasi.