Jike wa German Shepherd: nimpandishe siku gani hasa?

Mfugaji_Pongwe

Wakuu habari za jioni. Nina jike wa German Shepherd, miaka mitatu, niko naye Pongwe, Tanga. Joto lililopita, yaani kipindi chake cha kupandwa, alipelekwa kwa dume Muheza siku ya 10 na ya 12 tangu damu ionekane. Walinasana (wakakwama pamoja) vizuri mara zote mbili, lakini mimba haikushika. Sasa joto limerudi, leo ni siku ya 7. Uke umevimba, damu ni nyekundu, na dume wa jirani akisogea anamngurumia. Dume wa Muheza ameshazalisha majike wengine. Nimpeleke siku gani safari hii, na kuna kipimo cha uhakika badala ya kukisia?

Banda_Sahare

Mkuu, siku ya 10 na ya 12 ni mazoea ya wafugaji, mwili wa jike hauyajui. Kipindi cha damu kwa wastani ni siku 9, ila kuna jike anayemaliza kwa siku 3 na mwingine anayefika 17, na wote ni wazima.

Siku ya kuitafuta ni ile mayai yanapotoka kwenye ovari. Kwanza homoni iitwayo LH hupanda ghafla, kisha baada ya siku 2 hivi mayai hutoka. Hapa mbwa hafanani na ng'ombe wala mbuzi: mayai yake hutoka yakiwa bado machanga, na yanahitaji siku 2 hadi 3 kukomaa ndani ya mirija ndipo yaweze kupokea mbegu. Yakishakomaa huishi siku 2 au 3, basi. Kwa hiyo siku zenye nguvu ni ya 2 hadi ya 4 baada ya mayai kutoka.

Mbegu za dume mzima huishi ndani ya jike siku 5 hadi 7, ndiyo maana wanaokisia nao hupata watoto mara nyingi. Lakini chukulia jike wako hutoa mayai siku ya 18: yatakomaa siku ya 20 au 21, na mbegu za siku ya 12 zitakuwa zimeshakufa. Majike wa namna hiyo wapo wengi, na huishia kuitwa tasa bure.

Dalili za macho: damu inapauka na kuwa kama maji yaliyooshewa nyama, uke uliokuwa mgumu unalegea, ukimgusa juu ya shina la mkia anaupeleka pembeni. Zikitokea, ujue muda umekaribia tu. Wapo wanaokubali dume mapema mno, na wapo wanaomkataa hata siku yenyewe.

DktMifugo_Chumbageni

Nakubaliana na Banda_Sahare. Kipimo unachokitaka ni projesteroni kwenye damu. Homoni hii ni ileile kwa mbwa na kwa binadamu, kwa hiyo maabara ya hospitali yenye mashine ya homoni inaweza kuipima. Uliza kwanza kama majibu yanatoka siku hiyohiyo, maana majibu ya wiki ijayo hayatakusaidia kitu.

Damu itolewe na daktari wa mifugo, iwekwe kwenye chupa ya kifuniko chekundu isiyo na jeli ndani. Usiitumbukize kwenye barafu njiani: damu ikipozwa kabla ya kutenganishwa, hasa saa 2 za kwanza, kipimo hushuka na utadhani siku bado. Iache igande kivulini, maji yake yatenganishwe, hapo ndipo yapozwe.

Soma majibu yameandikwa kwa kizio gani, ng/ml au nmol/l. Kwa ng/ml, chini ya 1 bado mapema. 2 hadi 3 LH imepanda. Ikifika 5 hivi mayai yanatoka. Maabara ikitoa nmol/l, gawanya kwa 3.18 kwanza. Wengi hukosea hapa: wanaona 6 nmol/l wanakimbilia kwa dume, kumbe haijafika hata 2. Anza kesho, rudia kila baada ya siku 2, maabara ileile, hadi ivuke 5. Kutoka siku hiyo, mpandishe siku ya 2 na ya 4.

Usiishie kwa jike. Dume kuzalisha zamani si ushahidi wa leo. Mbegu huchukua takriban miezi miwili kutengenezwa, kwa hiyo homa ya kupe aliyougua majuma kadhaa nyuma inaweza kuziharibu sasa. Wote wawili wapimwe pia bakteria iitwayo Brucella canis, ambayo huharibu mimba na humwambukiza hata binadamu.

Mkonge_Korogwe

Niongeze ya siku yenyewe. Jike ndiye apelekwe kwa dume, dume hujiamini kwake. Kwa joto la pwani nenda alfajiri, kabla hawajala. Kagua sehemu za siri za wote wawili: ukiona kinyama chekundu kinachovuja damu, simamisha. Huo uvimbe huambukizwa kwa kupandana, na mbwa wa mitaani wanao sana.

Wakinasana, dakika 5 hadi 30 ni kawaida. Shika vichwa vyote viwili, usiwavute kabisa, utawachana. Akirudi nyumbani afungiwe mpaka joto liishe kabisa, kwa sababu uzao mmoja unaweza kuwa na baba wawili.

Mfugaji_Pongwe

Nashukuru sana wakuu. Nimepata maabara hapa mjini, majibu jioni ileile. Siku za kuzaa nihesabu kuanzia lini?

DktMifugo_Chumbageni

Hesabu kuanzia mayai kutoka, yaani siku ile projesteroni ilipofika 5: siku 63, ikizidi au kupungua 1. Ukihesabu kuanzia kupandwa utapata chochote kati ya 57 na 72, na hapo ndipo watu hukimbilia upasuaji kabla ya wakati au huchelewa kuja.

Ultrasaundi ifanywe siku ya 28 hadi 30. Eksirei ya kuhesabu watoto ngoja siku ya 55, mifupa iwe imeshaonekana vizuri. Kuanzia siku ya 58 pima joto la mwili asubuhi na jioni. Likishuka chini ya 37.2, kwa kawaida atazaa ndani ya saa 24. Na kalsiamu ya nyongeza usimpe wakati wa mimba hata ukishauriwa dukani, kwa sababu mwili wake huacha kuitoa kwenye mifupa, na akianza kunyonyesha anaweza kupata degedege.