MTU AMEKATA MDOMO WA SILI YANGU NA KISU CHA KUMENYEA MACHUNGWA, TENA MBELE YA WATEJA

Mkereza_Kibuye:
Wadau, msinisalimie leo. Nimetoka karakana sasa hivi, mikono inatetemeka, naandika na kidole kimoja ambacho hakina grisi.

Yule injinia. Msiulize yupi, mnamjua. Yule wa kofia nyeupe ambayo haijawahi kuonja vumbi. Yule anayeanza kupiga honi akiwa Ahero ili akifika Kibuye akute geti wazi. Huyo huyo.

Alikuja kuchukua sili, zile pete za kuzuia uchafu usiingie na grisi isitoroke, za zile beringi za jicho la silinda (lile tundu la mwisho linalopita pini), za mashine yake ya kupakia miwa. Beringi yenyewe shimo milimita 50, nje 75, pete ya ndani ni tufe, inainama huku na huku. Hizo sili nimezikereza kwa poliyurethani, ile plastiki inayonyumbulika kama mpira, usiku, stima ikienda ikirudi. Kila sili midomo miwili: wa nje unafukuza uchafu, wa ndani unashika grisi. Nikaupunguza ule wa nje ukawa mwembamba ili pete ikiinama digrii 6 mdomo uifuate bila kuachia. Mtu mwenye macho angeshukuru Mungu.

Akaokota moja. Akaigeuzageuza juani. Akatoa kisu mfukoni, kile kidogo cha machungwa, ganda bado limeng'ang'ania mpini. Akasema: "Mzee, huu mdomo wa nini? Beringi haiongei."

AKAUKATA.

Wateja wanaona. Kijana wangu anayejifunza kazi, ambaye hadi jana alidhani mimi ni mtu, anaona. Mama wa chapati akacheka mpaka akaunguza moja. Halafu jamaa akachukua ule uzi wa mdomo aliokata, AKACHOKONOA MENO.

Beringi haiongei! Sawa. Lakini ngoja tope la Kano likauke juu yake, liingie katikati ya chuma na chuma, lichanganyike na maji ya miwa. Itaongea. Itapiga kelele isikike Kericho.

Kisu cha machungwa, jamani.

NyarAwasi:
Pole sana mkuu. Lakini alikata mdomo upi, wa nje ama wa ndani?

Mkereza_Kibuye:
Wa nje! Dada yangu, unauliza kana kwamba kuna ule wa kukatwa!

Omera_Baridi:
Huyu ni yule mzee anayetuambia amekereza sili tangu Kisumu inaitwa Port Florence. Reli imefika 1901, mzee yuko hapo na mashine yake, leo anashindwa na mtu wa machungwa 😂😂

DerevaWaMiwa:
Mimi nataka kujua kuhusu hayo meno. Ilitoka nyama ama haikutoka?

Mkereza_Kibuye:
Mnacheka. Chekeni.

Kijana_wa_Poli:
Mzee, samahani, mimi bado nasoma. Kwa nini usiweke tu o-ring, ile pete ya mpira ya mviringo, pale? Ni bei rahisi na haina mdomo wa kukatwa.

Mkereza_Kibuye:
Wewe angalau umeuliza kwa heshima, nitakujibu. O-ring inataka kubanwa sawasawa pande zote. Hapo pete ya ndani inainama: upande huu o-ring inapondwa, upande ule inaachia nafasi ya kupitisha mchanga wote wa Nyando. Mdomo unanyumbulika, unabaki umelalia tufe. Na usiukaze kupita kiasi, utajisugua uishe. Halafu unaangalia nje, sikia vizuri, NJE, ili ukipiga bomba kwenye nipo, yaani ile chuchu ya kuingizia grisi, grisi mpya iingie, ile kuukuu itoke na uchafu wake. Ukiugeuza uangalie ndani, grisi inakosa pa kupita, presha inapanda, sili inaruka kutoka nyumbani kwake. Hapo ndipo utasikia mtu analia sili ni mbovu.

Sasa mwambie mtu hayo yote akiwa ameshika kisu. KISU. CHA MACHUNGWA.

Kijana_wa_Poli:
Asante mzee. Na kama angekata vizuri, yaani pembeni kidogo?

Mkereza_Kibuye:
Toka kwa uzi wangu.

Msafi_Muhoroni:
Kisu si kitu. Njooni muone hawa vijana wa kuosha trekta na maji ya presha. Matope yamejaa trela nzima, hawaoni. Wanalenga wapi? Hapo hapo kwa sili, karibu kugusa, kama wanazima moto. Maji yanaingia, grisi inatoka, halafu wanakudai pesa ya kuosha na kutabasamu.

NyarAwasi:
Tena ukiwaambia waweke grisi baada ya kuosha wanakuangalia kama umewaomba figo.

DerevaWaMiwa:
Grisi gani? Nimeuziwa mkebe juzi Kondele. Nimeitisha ya lithiamu yenye molibdeni, ile nyeusi nyeusi, kwa sababu beringi ni chuma kwa chuma na mzigo ni mzito. Nimefungua nyumbani, ni ya njano na inanukia ndizi. Watoto wamenyoosha mikate.

MtuWaNjoro:
Huku upande wa Nakuru tunawaonea wivu, nyinyi mnakatiwa na kisu. Wetu aliondoa sili zote, akaweka kipande cha tyubu ya baiskeli, akafunga na waya wa ua, akaandika kwa risiti "sili asili". Mashine ya kuvuna ngano ilifanya kazi mpaka chai ya saa nne.

Omera_Baridi:
Sili asili 😂😂😂 nimekufa

Mgeni_Hapa:
Samahani, huyu injinia anaitwa nani?

NyarAwasi:
Hujui?

Msafi_Muhoroni:
Wewe umeshuka na parashuti?

DerevaWaMiwa:
Yule wa honi bwana.

Mgeni_Hapa:
Kila mtu ana honi.

Mkereza_Kibuye:
Amenipigia simu SASA HIVI. Anasema sili aliyokata haitoshei, nimkerezee nyingine bure. Ile aliyochokonoa nayo meno! Anasema eti "mzee, ulifanya kazi ya haraka." Wadau nishikeni.

Shemeji_Tena:
Sina ubaya na mtu, lakini jamaa ni shemeji yangu na ana roho safi. Hata mimi aliwahi kunisaidia jeki ya tani 20.

BabaWaJeki:
Ngoja. Jeki ya tani 20? Nyekundu? Mpini umechomelewa katikati?

Shemeji_Tena:
Ndiyo. Kwa nini?

BabaWaJeki:
Hiyo ni JEKI YANGU! Niliazima mtu tangu uchaguzi, akaniambia imeibwa Mamboleo!

MtuWaNjoro:
Ooooh.

DerevaWaMiwa:
Uzi umekuwa mtamu. Mama wa chapati, leta mbili.

Mkereza_Kibuye:
Jamani turudi kwa kisu. Sijamaliza. Hamjasikia vile alivyokipangusa kwa aproni yangu.

BabaWaJeki:
Mzee ngoja kidogo na kisu chako. Shemeji, jeki iko wapi?

Shemeji_Tena:
Iko hapa nyumbani, lakini inavuja. Sili yake imeisha.

Omera_Baridi:
😂😂😂😂😂😂

BabaWaJeki:
Niliitoa ikiwa haivuji hata tone. Tuma mahali ulipo.

Shemeji_Tena:
Niko Chemelil, lakini leo nimeibebesha gari. Njoo kesho.

BabaWaJeki:
Nakuja leo. Na usiiteremshe hiyo gari mpaka nifike nihesabu vipande.