Tupeane uzoefu: visima vya ploti Mombasa baada ya masika

Bint Mtopanga: Mvua zimekatika, maji ya visima yamekuwa rangi ya chai. Mnatibu vipi? Tupeni vipimo, si "tia dawa kidogo".

Fundi Visima: Toa tope kwanza, maana tope hula klorini yote. Kisha piga hesabu: kisima cha upana wa mita 1 chenye maji ya kina cha mita 3 kina kama lita 2,350. Klorini ya unga ya asilimia 70, gramu 340 zatosha. Usiimwage kavu, itazama ikae chini. Tumia ndoo ya plastiki, maji kwanza halafu unga, koroga, acha itulie, mimina maji ya juu kisimani, mashapo yaache. Mengine rushia kuta za kisima. Funika kwa muda wa saa 12, kisha teka umwage mpaka harufu ipungue.

Lakini mtarudia tena. Jiwe letu la matumbawe lina mianya, na masika maji hupanda yakakutana na shimo la choo. Mwaambiwa choo kikae mita 30 kutoka kisimani. Ploti ya futi 50 kwa 100 ina upana wa mita 15! Na hata hizo 30, mwambani si kinga.

Likoni Kwetu: Kweli tupu.

Mzee wa Majengo: Maneno mengi. Chemsheni, basi.

Bint Mtopanga: Mzee wangu, mpangaji wa chumba kimoja atoe wapi makaa ya kuchemsha lita 20 kila siku?

Mama Kongowea: Mtungi wa lita 20, jiki (dawa ya kung'arishia nguo) ya asilimia 3.5 isiyo na manukato, mililita 1 kwa bomba la sindano. Ngoja nusu saa. Maji ya tope yachuje kwa leso kuukuu iliyokunjwa mara nne, halafu dawa maradufu, mililita 2.

Nesi Changamwe: Jamani, huko kutoa tope: pampu ya petroli isiteremshwe kisimani! Moshi hujaa, aliye chini anazimia, anayemfuata kumwokoa anaanguka juu yake.

Likoni Kwetu: Teremsha mshumaa. Ukizima, usishuke.

Nesi Changamwe: Mshumaa waonyesha oksijeni ikipungua tu. Sumu ya moshi wa injini haiuzimi. Utawaka vizuri na mtu amelala chini.

Fundi Visima: Wallahi. Injini ibaki juu, upande unakokwenda upepo, mpira tu ndio ushuke.

Mzee wa Majengo: Nilisema chemsheni. Hakuna anayekufa sufuriani.

Nesi Changamwe: Na anayehara: lita 1 ya maji salama, sukari vijiko 6 vya chai, chumvi nusu kijiko hicho hicho, vya kusawazisha. Chumvi ikizidi mnamuumiza mtoto. Choo kikiwa kama maji ya mchele, mkimbizeni hospitali huku anakunywa.

Likoni Kwetu: Mimi sina kisima, nanunua ya mkokoteni. Nimesalimika?

Mama Kongowea: Chungulia ndani ya mtungi wake kwa tochi, uone huo utando wa kijani kibichi ukutani. Kisha urudi usome habari ya mililita 1.