Nimefutishwa picha ya mlango kama mwizi!

Mwana_Langoni: Jamani, mikono bado inanitetemeka. Leo asubuhi, Usita wa Mui, njia kuu ya mji wetu wa Lamu, nimesimama njiani, NJIANI, hata baraza sijagusa, napiga picha mlango wa nakshi. Akatoka yule bwana. Mnamjua, hana haja ya kutajwa. "Futa! Hiyo hakimiliki yangu!" Sauti ilifika kisiwa cha Manda. Akanisimamia begani nikifuta moja moja, naye anahesabu kwa kidole! Watu wanatazama, punda wamesimama, hata mtoto aliyetumwa mikate kanionea huruma.

Mlango ule ulichongwa kabla babu yake hajazaliwa! Hakimiliki ya nakshi ni uhai wa fundi na miaka 50 baada ya kufa kwake. Fundi yule hata kaburi halijulikani lilipo. Na hata angeuchonga jana, Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inaruhusu kupiga picha kazi ya sanaa iliyo mahali ambapo umma unaiona. Kununua nyumba si kununua hakimiliki. Lakini kunihesabia kwa kidole! Mimi, mzaliwa wa mtaa wa Langoni!

Na ukurasa wake umejaa picha za Maulidi walizopiga wenzetu, majina kayakata. Hakimiliki ya picha ni ya aliyeipiga, hilo halijui? Moja, mbili, "na hiyo pia"... Wallahi kile kidole sitakisahau.

Bi_Mkomani: Pole mwanangu. Mimi alinifukuza barazani mwake na mvua inanyesha.

Kipepeo_Shela: Sasa ulifuta kwa nini? Mwanamume mzima, kidole kimoja!

Mwana_Langoni: ALINISHIKA BEGA!

Seremala_Matondoni: Nyinyi mnalilia picha. Mimi nakshi nimeibuni mwenyewe, mtu kaipiga picha ndani ya karakana yangu, baadaye naiona imechongwa kwenye vitanda vya hoteli. Huo ndio wizi wa hakimiliki.

Pwani_Njema: Andikisha kazi zako kwa Bodi ya Hakimiliki, ndugu. Hakimiliki unayo tangu ulipochonga, lakini cheti kitakusaidia ukimshtaki.

Seremala_Matondoni: Na wakili utanilipia wewe? Nauli ya boti tu hadi Mokowe, ng'ambo bara, yanitoa jasho.

Bi_Mkomani: Usinikumbushe boti! Jana nimekaa gatini saa mbili nzima, nahodha anangoja "abiria mmoja tu".

Kipepeo_Shela: Yule mwenye kofia nyekundu?

Bi_Mkomani: Huyo huyo! Na chenji yangu hajanipa mpaka leo.